Bad Ischl: tua begi mara moja, uzunguke Salzkammergut siku tano

Kila ikifika Mei simu yangu inaanza. "Tunakuja Austria Julai, Hallstatt tulale wapi?" Anayeuliza ameona picha moja tu: kanisa lenye mnara mwembamba kando ya ziwa, milima nyuma yake. Ameshapiga hesabu: usiku mmoja hapo, mmoja Salzburg, mmoja Vienna, na wa nne pengine hata Zürich. Jibu langu ni lilelile. Usilale Hallstatt, na usihamehame. Lala Bad Ischl usiku sita, begi likae chumbani, wewe utoke asubuhi na kurudi jioni.

Naishi Linz na wageni wa kutoka nyumbani nimewapokea wengi, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja ili mwakani nitume hii badala ya kurekodi sauti ya dakika ishirini.

Bad Ischl ni mji wa watu kama 14,000, mita 468 juu ya usawa wa bahari, katikati ya Salzkammergut, nchi ya maziwa na milima ya chokaa mashariki mwa Salzburg. Treni na mabasi yanakutana uwanja mmoja. Kuna supamaketi, maduka ya dawa na hospitali. Hallstatt, kwa upande wake, ina wakazi wapatao 750, na siku za kiangazi inaweza kupokea wageni 10,000 kwa siku moja. Agosti 2023 wenyeji waliandamana wakidai idadi ipunguzwe. Chumba huko ni ghali, na saa nne asubuhi ukifungua dirisha unakutana na fimbo ya selfi ya mtu.

Kabla hujafunga begi

Viza. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usisubiri hizo 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, kwa hiyo ukilala usiku sita Ischl na mbili Munich, ombi lako ni la Austria. Kama tayari unaishi Ujerumani au Italia na una kibali cha ukaazi, huhitaji viza nyingine kwa matembezi mafupi, lakini pasipoti na kibali vyote viwe mfukoni. Treni zinazovuka kutoka Salzburg kwenda Munich hukaguliwa.

Bima ya safari ya angalau euro 30,000 ni sharti la viza. Soma kama inagharamia uokoaji wa milimani kwa helikopta. Nyingi za bei nafuu hazigharamii, na bili ya helikopta si ya kuchangiana kwenye kikundi cha familia.

Viatu vyenye soli yenye meno, ambavyo umeshavivaa wiki mbili nyumbani. Raba nyeupe za mjini zinafaa kando ya ziwa tu.

Koti la mvua lenye kofia. Eneo hili lina mvua yenye jina lake, *Schnürlregen*, yaani mvua ya nyuzi: inashuka nyembamba, imenyooka, bila haraka, na inaweza kushuka hivyo siku mbili. Mwavuli haukusaidii ukiwa kwenye mteremko.

Adapta ya umeme. Soketi za huku ni za matundu mawili ya mviringo. Chaja yako ya pini tatu za bapa haiingii.

Pesa taslimu, kama euro 100 za noti ndogo. Mjini kadi inapita karibu kila mahali, ila vibanda vya mlimani na nyumba ndogo za wageni za akina mama wazee bado vinapenda noti.

Programu ya simu ya ÖBB, shirika la reli. Inaonyesha treni na mabasi pia, na tiketi unanunua humohumo.

Chanjo ya kupe. Ndiyo, kupe. Kupe wa Austria hueneza homa ya ubongo, wenyeji huiita FSME, na wao huchanjwa tangu utotoni. Muulize daktari wako mapema, maana sindano si moja.

Kuhusu majira: njoo kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Septemba. Mei bado kuna theluji juu na magari mengi ya kamba yamefungwa kwa matengenezo. Novemba usije kabisa, mji mzima unajifungia. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu ya kitaifa, na tarehe 18 Ischl inasherehekea siku ya kuzaliwa ya Kaiser (mfalme mkuu) Franz Joseph wa Austria kwa bendi na mavazi ya jadi. Inapendeza sana, lakini chumba uwe umekishika miezi mingi kabla.

Hatua kwa hatua

1. Shika chumba kwa kuangalia stesheni kwanza, mandhari baadaye.

Weka alama kwenye ramani pale stesheni ilipo, kisha tafuta chumba kisichozidi dakika 15 kutoka hapo kwa miguu. Utapita njia hiyo mara mbili kwa siku, na jioni ya mwisho magoti yatakuwa yanakudai. Kuna aina tatu za kulala: *Gasthof*, ambayo ina mgahawa chini, *Pension*, chumba na kifungua kinywa, na *Ferienwohnung*, nyumba yenye jiko. Mkiwa wanne au zaidi chukueni nyumba yenye jiko, hasa kama kuna watoto wasiotaka jibini asubuhi.

Angalizo: bei ya mtandaoni mara nyingi haijajumuisha *Ortstaxe*, kodi ndogo ya mgeni kwa kila mtu kwa kila usiku. Utaidaiwa pale, na hujaibiwa. Utajazishwa pia fomu ya mgeni kwa pasipoti; ni sheria. Ukimaliza kujaza, uliza kama kuna *Gästekarte*. Ni kadi ya mgeni, mara nyingi haina malipo, na hupunguza viingilio. Usipouliza, wengine husahau kukupa.

2. Fika kwa njia inayoeleweka.

Ukitua Vienna, panda treni ya kuelekea Salzburg, shuka Attnang-Puchheim, badilisha uingie treni ya Bad Ischl. Jumla ni kama saa tatu. Hakikisha treni ya kwanza inasimama Attnang-Puchheim, kwa sababu zile za kasi zaidi hupita bila kusimama hata kidogo. Kwenye treni ya pili kaa kushoto: baada ya Gmunden reli inakwenda ukingoni mwa ziwa Traunsee, mwamba upande mmoja na maji upande mwingine.

Ukitokea Salzburg au Munich, usihangaike na treni. Nje ya stesheni kuu ya Salzburg linaondoka basi namba 150, linakwenda moja kwa moja hadi Ischl kwa muda wa kama saa moja na nusu. Hapa pia kaa kushoto. Utapita Fuschlsee, kisha njia itateremka St. Gilgen na Wolfgangsee litakufungukia lote.

Tiketi ya bei rahisi ya ÖBB inaitwa *Sparschiene*. Ukiinunua wiki kadhaa kabla, safari ya Vienna inashuka sana, ila imefungwa kwa treni ileile. Ndege ikichelewa, imekufa. Siku ya kutua nunua tiketi ya kawaida. *Sparschiene* itumie siku ya kurudi.

3. Siku ya kufika, nunua chakula kabla ya kupumzika.

Hili ndilo kosa namba moja la wageni wangu. Supamaketi hufungwa mapema jioni, Jumamosi saa 12, na Jumapili hazifunguliwi. Si kwamba zinafunguliwa kwa kuchelewa, hazifunguliwi. Hakuna kiosk cha Mangi wala duka la kona la kugonga dirisha. Ukifika Jumamosi saa moja jioni na watoto wawili, mtakula mgahawani hadi Jumatatu. Kituo cha mafuta kina mikate na maziwa kwa bei ya kukukumbusha kosa lako.

Maji usinunue. Maji ya bomba huku yanatoka milimani na ni matamu kuliko ya chupa. Ukinunua soda, kila chupa ya plastiki au kopo lina amana ya senti 25 tangu Januari 2025. Lirudishe kwenye mashine ya dukani, upate stakabadhi.

4. Siku ya kwanza: zunguka mji, kisha panda Katrin.

Asubuhi tembea kando ya mto Traun. Mji huu uliinuliwa na chumvi. Karne ya 19 madaktari walianza kuwaogesha wagonjwa maji ya chumvi, na mmoja wa waliokuja alikuwa Sophie, mke wa mwanamfalme, aliyekuwa hajajaliwa mtoto. Akaoga, akapata wana, na watu wakawaita "wana wa chumvi". Wa kwanza ndiye Franz Joseph, aliyezaliwa 1830 na akaja kutawala miaka 68. Karibu kila kiangazi alirudi hapa. Jumba lake, Kaiservilla, bado linamilikiwa na ukoo wake, na kuta zimejaa pembe za wanyama aliowawinda. Ukiingia na mtoto mdogo mwandae.

Ingia japo hupendi majumba ya wafalme. Ni katika nyumba hii, tarehe 28 Julai 1914, alipotia saini tangazo la vita dhidi ya Serbia, lililowasha Vita vya Kwanza vya Dunia. Moto ule ulifika Tanga Novemba ya mwaka uleule, na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, ndicho kilichotuachia majina ya Kariakoo pale Dar es Salaam na Kariokor pale Nairobi. Mjomba wangu, mzaliwa wa Kariakoo, alisimama mbele ya ile meza ya kutilia saini muda mrefu kuliko mgeni mwingine yeyote niliyempeleka. "Kumbe ilianzia kwenye kameza haka," akasema. Na wenzetu wa Kenya: mwana wa Kaiser aliitwa Rudolf, na ni jina lake ambalo wasafiri wapelelezi Teleki na von Höhnel walilibandika ziwa Turkana mwaka 1888.

Mchana nenda kwenye gari la kamba la mlima Katrin, nje kidogo ya mji. Vibanda vyake ni vidogo, vya watu wanne, na vinayumba. Ukiogopa, tazama mbele usitazame chini. Kilele kina mita 1,542. Huu ndio mlima wa kujipimia. Ukihema hapa kwa dakika ishirini za njia nyepesi, punguza mipango ya siku zijazo.

Na hapa ndipo ujifunze kusoma vibao. Ni vya njano, vina jina la mahali na muda. Muda huo ni wa kutembea bila kusimama, bila picha, bila mtoto anayetaka kukojoa. Ongeza nusu yake. Alama ya buluu ni njia rahisi, nyekundu ni ya wastani na kuna sehemu nyembamba zenye mteremko, nyeusi ni ya wazoefu. Kwenye miti na mawe fuata rangi nyekundu-nyeupe-nyekundu. Dakika kumi zikipita bila kuona rangi, umepotea: rudi hadi alama ya mwisho uliyoiona, usikate kona.

5. Siku ya pili: Hallstatt, na uwahi.

Panda treni ya mapema kabisa inayoweza kuwatoa kitandani. Ni kama dakika 25. Kaa kulia safari hii, ziwa liko upande huo. Stesheni ya Hallstatt iko ng'ambo ya ziwa, mji uko upande wa pili, na boti inawasubiri abiria wa treni. Tiketi ya boti ni nyingine kabisa, haimo kwenye ya treni.

Simama upande wa mbele wa boti. Injini inanguruma taratibu, maji ni meusi na yametulia, nyumba za mbao zimebebana ukutani mwa mlima kama mabati ya Mathare, na mnara wa kanisa unakua kidogokidogo. Hiyo ndiyo picha uliyoiona, ila sasa ina harufu ya maji baridi na kuni. Baada ya hapo una saa mbili za amani kabla mabasi ya watalii hayajamwaga.

Zitumie hivi. Kwanza panda ngazi hadi kanisa la juu, uingie kwenye *Beinhaus*, chumba cha mifupa. Makaburi ya Hallstatt ni machache kwa kuwa ardhi hakuna, hivyo zamani kaburi lilifunguliwa baada ya miaka kumi na kidogo, fuvu likakaushwa juani, likachorwa maua na jina la mwenyewe. Yako zaidi ya 600 yaliyochorwa, na la mwisho liliwekwa 1995. Wengine hawapendi kuingia, na sikulazimishi. Mimi niliona heshima tu pale: kila mtu ana jina lake.

Kisha mgodi wa chumvi, kama uko wazi. Angalia kwenye tovuti yao kabla, kwa sababu reli ya kupandia huwa na vipindi vya ujenzi. Chumvi imechimbwa mlima huu kwa miaka 7,000, na mwaka 1734 wachimbaji walikuta mwili wa mchimbaji wa kale uliohifadhiwa na chumvi yenyewe. Beba sweta, ndani ni nyuzi 8 hata Julai.

Saa sita umati ukijaa, wewe ondoka. Basi la kwenda Obertraun linachukua dakika chache, na kutoka hapo gari la kamba linapanda Krippenstein. Juu kuna vidole vitano vya chuma vilivyochomoza hewani, chini yako mita 400 za utupu. Njiani kuna pango la barafu.

Angalizo la siku hii, na nimeliandika kwa maumivu: boti ya Hallstatt haifuati treni za usiku. Mimi na binamu yangu tulishuka pale jioni moja tukidhani boti ipo. Treni ikaondoka. Palikuwa na benchi, msitu, na ng'ambo ya maji taa za Hallstatt zikitumetameta kama zinatucheka. Tulikaa hadi treni ya kurudi. Piga picha ya saa ya boti ya mwisho kwa simu ukiwa bandarini asubuhi.

6. Siku ya tatu: Wolfgangsee.

Basi hadi Strobl, kisha meli ya ziwani hadi St. Wolfgang. Meli hizi zinatembea tangu 1873. Kutoka St. Wolfgang reli ya meno ya mwaka 1893 inapanda Schafberg hadi karibu na kilele cha mita 1,783, na siku ya anga safi unahesabu maziwa hadi unachoka. Shika kiti siku moja au mbili kabla. Mchana wa Julai, tiketi zilizobaki ni za saa ambazo hutaki.

Wenye magoti mazuri wanunue tiketi ya kupanda tu, washuke kwa miguu, saa tatu hivi. Wasio nayo wasijidanganye: kushuka ndiko kunakoumiza.

7. Siku ya nne: Gosausee.

Hii ndiyo siku ninayoipenda, na ndiyo rahisi kuliko zote. Basi linapita Steeg-Gosau, linapanda bonde hadi mwisho wa barabara. Unashuka, unatembea hatua mia mbili, na mbele yako lipo ziwa la kijani na nyuma yake barafu ya Dachstein. Njia ya kulizunguka ziwa la mbele ni tambarare, saa moja na kitu, hata bibi mwenye mkongojo anaimaliza.

Mtapishana na watu. Salimia. Mjini mtu anaweza kukupita kimya, lakini njiani huku kila mmoja anasema *Grüß Gott* au *Servus*, na asiyejibu anaonekana hana adabu. Sisi hili halitushindi.

Ng'ombe mtawakuta pia, na kengele shingoni. Najua wengine mmekua mkichunga. Hawa hawakujui. Mwenye ndama analinda, na akiona mbwa anashambulia. Mwaka 2014 mtalii Mjerumani aliuawa na ng'ombe huko Tirol. Pita mbali, usipige picha na ndama, na geti ulilolifungua lifunge.

8. Siku ya tano iache wazi kwa mvua.

Ikinyesha, treni hadi Bad Aussee, kisha basi la Altaussee, kwenye mgodi mwingine wa chumvi. Wakati wa vita vya pili Wanazi walificha humu maelfu ya kazi za sanaa walizopora, ikiwemo ile michoro maarufu ya altare ya kanisa la Ghent, Ubelgiji. Aprili 1945 yakaingizwa makasha manane yaliyoandikwa "Angalia, marumaru". Ndani yake hakukuwa na jiwe, kulikuwa na mabomu ya kilo 500 kila moja. Wachimbaji walishiriki kuyatoa nje, na sanaa ikapona. Kabla ya kununua tiketi ya mgodi, angalia basi la mwisho la kurudi.

Isiponyesha, rudi ulipopapenda.

Uchovu ukizidi, Ischl kuna bafu kubwa la maji moto ya chumvi. Kwenye bwawa unavaa nguo ya kuogelea kama kawaida. Eneo la sauna ni jambo lingine: watu wako uchi, wanaume kwa wanawake pamoja, na nguo ya kuogelea hairuhusiwi. Imeandikwa mlangoni, ila kwa Kijerumani. Shemeji yangu alifungua mlango, akafunga, akaja kuniuliza kama tumepelekwa sehemu sahihi.

Kula

Migahawa mingi hufunga jiko kati ya saa 8 mchana na saa 12 jioni, na kila mmoja una siku yake ya kupumzika, *Ruhetag*. Ukiomba "maji" utaletewa yenye gesi na ya kulipia. Sema *Leitungswasser*, maji ya bomba. Samaki wa maziwa haya, *Saibling* na *Reinanke*, wakikaangwa na siagi hawana mfano.

Kwa Waislamu: nguruwe anajificha. Yumo kwenye madonge ya mkate, kwenye supu ya dengu, kwenye saladi ya viazi kama vipande vidogo viitwavyo *Speck*. Sema *ohne Schweinefleisch und ohne Speck*, yote mawili, kwa sababu wapo wanaodhani *Speck* si nyama. Keki nazo huwa na ramu. Uliza *ohne Alkohol*. Nyama ya halali ipeleleze Salzburg siku ya kupita. *Kaiserschmarrn*, chapati nene ya mayai iliyochanwachanwa na kunyunyiziwa sukari, mara nyingi huwa na zabibu zilizolowekwa ramu, kwa hiyo uliza pia. Ikija bila ramu, agizeni moja kwa watu wawili.

Yakienda kombo

*Umekosa basi la mwisho.* Usianze kutembea barabarani gizani. Piga simu ulikofikia. Wenye pensheni wana namba ya teksi ya mji na wataielekeza kwa Kijerumani.

*Ngurumo zinakukuta juu.* Julai na Agosti radi huja alasiri, kwa hiyo mpango ni kuwa umeshuka kufikia saa 8. Ikikuwahi, ondoka kileleni na kwenye nyaya za chuma, usijikinge chini ya mti ulio peke yake, chuchumaa mahali pa chini miguu ikiwa pamoja.

*Mtu kaumia.* Uokoaji wa milimani ni 140, gari la wagonjwa ni 144, na 112 inafanya kazi popote Ulaya. Taja namba au jina la kibao cha mwisho ulichopita.

*Kupe amekwama ngozini.* Usimpake mafuta wala kumchoma. Mshike karibu kabisa na ngozi kwa kibano, mvute polepole moja kwa moja. Duka lolote la dawa linauza kibano chake, sema *Zeckenzange*. Kila jioni kagua nyuma ya magoti, kwapani na nyuma ya masikio ya watoto. Ukipata duara jekundu linalopanuka au homa wiki zinazofuata, hata ukiwa umesharudi nyumbani, mwambie daktari uliumwa na kupe Austria. Asipoambiwa atapima malaria na kuishia hapo.

*Tiketi ya siku imekataliwa.* Ischl na Hallstatt ziko mkoa wa Oberösterreich, Strobl iko mkoa wa Salzburg, Bad Aussee iko Steiermark. Tiketi ya mkoa mmoja haivuki. Mkiwa wawili hadi watano, kwa treni za kawaida ipo *Einfach-Raus-Ticket*, tiketi moja ya kundi kwa siku nzima nchi nzima. Siku za kazi inaanza saa 3 asubuhi.

*Gari la kamba limefungwa na anga ni jeupe.* Ni upepo. Subiri saa moja, na kama bado, panda Siriuskogl kwa miguu, kilima cha mita kama 600 kilicho mjini hapohapo. Juu kuna mnara na meza za kulia. Kutoka stesheni hadi juu ni kama nusu saa, na raba nyeupe zinaruhusiwa.